Kujenga mlima ndani ya kasha

Kasha hili la mchanga ni la kumwonyesha mtoto jinsi mlima unavyopanda. Anza na kioo. Mbao utapata, mchanga umejaa Shela, lakini pasipo kioo upande mmoja wa kasha utavuta kitambaa usione kinachotendeka ndani, na hicho cha ndani ndicho tunachokitafuta. Changu nilikitoa kwenye mlango wa kabati kuukuu: urefu sentimita 90, kimo 25, unene milimita 5. Usichukue chembamba kuliko hicho. Mchanga una nguvu ukisukumwa, na watoto watakuwa wamebandika nyuso zao papo hapo.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Langoni, Lamu, na kisiwa chetu hakina mlima. Kirefu tulicho nacho ni vilima vya mchanga. Shughuli hii ilianza Ijumaa moja alasiri, binti yangu alipokuwa kidato cha tatu. Alikaa juu ya rundo la mbao akikariri: "Bamba la bahari huzama chini ya bamba la bara, milima hutokea." Akarudia, akarudia tena. Nikaiweka randa chini.

"Mwanangu, kinachozama kinashuka. Mlima unapanda. Kushuka kwa huyu kunampandishaje yule?"

Akatazama daftari, akanitazama mimi. "Baba, hapa imeandikwa hutokea tu."

Neno hilo lilinikaa kooni. Kabla sijarithi karakana ya baba nilifanya misimu miwili na watu wa kupima mitetemo waliokuja kutafuta mafuta huku bara ya Lamu. Kazi yangu ilikuwa kubeba kebo na kuchomeka vipokea mitetemo ardhini, lakini jioni mwanajiolojia wao alikuwa akitandaza karatasi ndefu zenye mistari ya matabaka, na mimi sikuondoka mpaka taa izimwe. Alinifundisha kwamba mlima una hesabu zake kama mlango ulivyo na zake. Kwa hiyo nilijua jibu lipo, na nilijua halitaingia kwa kukariri. Kesho yake tukaanza kupima mbao.

Ondoa kwanza Kilimanjaro

Mtoto wa huku ukimtajia mlima ataona Kilimanjaro au Mlima Kenya, na hapo utampoteza, maana hiyo haikujengwa na bamba linalozama. Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199 ni volkeno, jamaa za Bonde la Ufa. Huko ganda la dunia linanyooshwa, linakuwa jembamba, na mwamba ulioyeyuka unapata upenyo. Ni kazi ya kuvutana. Milima tunayoitafuta sisi ni ya kubanana, nayo haikai mmoja mmoja, hujipanga safu ndefu sambamba na bahari: Andes inashuka upande wa magharibi wa Amerika Kusini kwa kilomita 7,000 hivi, na safu ya Barisan inaifuata Sumatra mwanzo hadi mwisho.

Bamba lenyewe lieleze kwa ufupi: ni kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, kinachosogea polepole. Ganda la bara ni nene, wastani wa kilomita 35, na mwamba wake ni mwepesi. Ganda la bahari ni jembamba, kilomita 7 tu, lakini ni mwamba mzito uitwao basalti. Huzaliwa likiwa moto kwenye migongo ya katikati ya bahari (kwetu kuna mgongo wa Carlsberg, kati ya Afrika na India) na kadiri linavyosogea mbali na mgongo ndivyo linavyopoa, mwamba wa baridi ukiganda chini yake, hata likawa zito kuliko mwamba wa moto linaloulalia. Hapo linaanza kuzama.

Nikitaka jambo hili lieleweke kwa mara moja huwauliza watoto wa wavuvi: chubwi zikishashuka, nani anauvuta wavu uliobaki ndani ya mashua? Hakuna. Unajivuta wenyewe, uzito wa uliozama unauchukua uliobaki. Bamba la bahari huenda vivyo hivyo. Sehemu iliyokwisha kuzama ndiyo inayoburura nyingine yote. Bamba la Nazca, la bahari ya Pasifiki, linaingia chini ya Amerika Kusini kwa sentimita 7 hivi kila mwaka, ambayo ni kama mara mbili ya mwendo wa kucha za vidole kukua, na pale linapoinama baharini pana handaki lenye kina cha mita 8,000.

Kuunda kasha

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 12, upana wa ndani sentimita 20. Upande mmoja mrefu ni mbao, wa pili ni kile kioo, ukikitia kwenye mfuo ili kiweze kuchomolewa. Kushoto kwa kasha simamisha ubao mzito usiotikisika. Huo ndio bara. Chini yake acha mwanya wa milimita 3.

Sasa kitambaa. Chukua turubai la tanga, upana upungue kidogo kuliko sakafu lisikwaruze kioo, urefu mita moja na nusu. Litandike sakafuni, upitishe ncha yake kwenye mwanya chini ya bara, na nje ya kasha ulifunge kwenye mti wa mviringo wenye mkono wa kuzungushia. Mpini wa jembe unatosha. Ukizungusha, turubai linatambaa chini ya mchanga na kuingia chini ya bara. Turubai ndilo bamba la bahari.

Mchanga ndio utakaokusumbua, usiufanyie haraka. Chota ndoo mbili ufuoni, wala usiuguse ule wa vilima vya Shela, kwa sababu vilima hivyo ndivyo vinavyochuja mvua na kututunzia maji ya visima. Uoshe kwa maji baridi mara tatu uishe chumvi. Mchanga wenye chumvi hushikamana, na ukishikamana hautakuonyesha ufa. Uanike darini siku mbili, uupitishe kwenye chekeche la unga. Nusu yake utie rangi ile ile wanayotilia ukili wa mikeka, uukaushe tena.

Tandaza tabaka jeupe la milimita 5, kisha jekundu, kisha jeupe, mpaka uwe na matano. Yasawazishe kwa ufito. Matabaka haya ni tope na mchanga uliolala juu ya bamba la bahari kwa mamilioni ya miaka likiwa safarini.

Zungusha, na usiwe na pupa

Mzunguko mmoja kwa nusu dakika. Sentimita mbili za kwanza hutaona kitu, na watoto wataanza kuchoka. Waambie watazame pembeni mwa bara, chini kabisa. Itatokea mistari ya matabaka kukatika kwa mshazari, kipande kizima kitapanda juu ya mwenziwe, na juu ya mchanga patainuka tuta. Endelea. Tuta lile litanyamaza, na mbele yake, upande wa bahari, ufa mwingine utafunguka, kipande kipya kitajichomeka chini ya kile cha kwanza na kukiinua. Kisha cha tatu. Vile vya nyuma vinazidi kusimama wima.

Binti yangu alisema yanalaliana kama makuti, na alisema kweli, ila kuti jipya hapa huingia chini ya la zamani. Mrundo wote unafanya kabari, mdomo wake mwembamba ukielekea baharini na kisigino chake kikiegemea bara. Wanajiolojia nao huiita kabari, jina hilo hilo letu sisi mafundi.

Hilo ni jibu la kwanza la swali langu. Bamba likizama haliingii na mzigo wake wote. Kinachozama kinaacha mlangoni kile kisichopita, na hicho ndicho kinachorundikana. Utaona pia mchanga kidogo ukipita chini ya bara pamoja na turubai. Usiuzibe mwanya. Dunia nayo hupitisha kiasi cha tope lake.

Sasa fanya jambo ambalo nililigundua kwa bahati na likanikalisha chini usiku mzima. Kabari ikishakua, pima mteremko wake kwa pembe ya seremala. Zungusha tena, pima tena. Kabari imeongezeka kimo na urefu, lakini mteremko ni ule ule. Kisha chukua kijiko, kwangua kilele chake kabisa, utoe mchanga nje, uendelee kuzungusha. Kwa muda mbele hapatafunguka ufa mpya. Kabari itajibana kwa ndani, vile vipande vya nyuma vitasogea tena na kupanda, mpaka mteremko wake urudi ulipokuwa. Ndipo itaendelea kusonga mbele.

Maana yake mvua na mito haiumalizi mlima tu, hata namna unavyopanda hubadilika kwa sababu yao. Panapokwanguliwa sana, miamba ya ndani hupandishwa haraka zaidi kujaza palipopungua. Na sisi watu wa pwani tunaujua upepo unaobeba mvua hiyo kwenye Himalaya. Ni kusi. Upepo huu unaoufungia mlango wa bahari yetu katikati ya mwaka hupita hapa kandokando ya pwani, ukavuka Somalia, ukageukia India umejaa maji, na kuyamwaga kwenye miteremko ya kusini ya milima ile.

Badilisha pia sakafu. Gundisha karatasi ya msasa juu ya turubai, panga matabaka upya, vuta. Kabari itakuwa fupi, nene, yenye mteremko mkali. Kwangu ilizidi nyuzi 15. Ukiweka nailoni laini ya kufunikia meza badala ya msasa, kabari itanyooka iwe ndefu na bapa, kwangu nyuzi 7 hivi. Mchanga ni ule ule, kilichobadilika ni utelezi wa chini. Kwa hiyo umbo la mlima linaamuliwa sana na kitu kisichoonekana kabisa: jinsi bamba linavyokwaruza linapopita.

Pwani ya Makran

Baba yangu alikuwa baharia kabla ya kushika msumeno. Alifika Maskati kwa jahazi, na wazee wake walivuka hata Gwadar, bandari ambayo ilikuwa ya Oman mpaka 1958. Alizoea kutuhadithia pwani ya Makran, ya Pakistan na Iran: majabali makavu ya rangi ya udongo, yaliyosimama ngazi kwa ngazi juu ya bahari, hayana mti. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa akinisimulia kabari.

Huko bamba la Arabia linaingia chini ya Asia polepole, sentimita chache kwa mwaka, likiwa limebeba tope nene mno, kama kilomita 7 kwenda chini. Mzigo huo wote unakwanguliwa na kukunjwa, na kabari yake ni mojawapo ya zilizo pana zaidi duniani: sehemu iko chini ya maji, sehemu ni safu za vilima zinazopanda kwenda bara mamia ya kilomita. Majabali aliyoyaona baba ni sakafu ya bahari iliyopandishwa. Tope lililobanwa huko chini bado linatafuta pa kutokea. Septemba 2013, baada ya tetemeko kubwa ndani ya Balochistan, kisiwa kizima cha tope kilichomoza baharini karibu na Gwadar, kikadumu kwa muda, mawimbi yakakila.

Linganisha na kaskazini mwa Chile. Jangwa la Atacama halina mito ya kupeleka udongo baharini, handaki liko karibu tupu, kwa hiyo hakuna tope la kukwangua. Pale bamba huukwaruza ukingo wa bara wenyewe na kuula. Hata hivyo nyuma yake kuna Andes, mirefu kupita milima yote nje ya Asia. Kumbe kabari peke yake haitoshi kuwa jibu.

Barafu na chumvi

Kasha halitakuonyesha moto, kwa hiyo hapa utahitaji barafu ya samaki. Omba vipande viwili vilivyo sawa kwa wachuuzi, viweke kivulini kwenye sinia, kimoja ukinyunyizie chumvi. Chenye chumvi kitaanza kuyeyuka haraka, kitafanya mashimo, na hali joto la sinia ni moja. Chumvi haikuongeza joto, ilipunguza kiwango cha joto kinachohitajika ili barafu iyeyuke.

Maji yanaufanyia mwamba hivyo hivyo. Bamba la bahari limekaa chini ya maji miaka mamilioni, na maji yamejifunga ndani ya madini yake. Likizama mpaka kina cha kilomita 100 hivi, mbano na joto huyakamua maji yale, yanapanda kuingia kwenye mwamba wa moto ulio juu ya bamba. Mwamba ule ulikuwa na joto jingi lakini ulikuwa mgumu. Ukipata maji, sehemu yake inayeyuka. Ulioyeyuka ni mwepesi, unapanda.

Watu wengi huamini kwamba bamba lenyewe huyeyuka kwa kuzama kwenye moto. Mara nyingi sivyo, nami husisitiza sana jambo hili kwa watoto, kwa sababu bamba huzama likiwa la baridi, baridi kiasi kwamba bado linaweza kuvunjika na kutetemeka kilomita mamia chini. Kiyoo Wadati wa Japani ndiye aliyeonyesha mwaka 1928 kwamba kuna matetemeko ya kina kirefu hivyo. Leo tunajua yanafika karibu kilomita 700. Ukiyachora, yanakupa mshazari wa bamba linaloshuka, kama vile vumbi la karakana linavyokuonyesha mwale wa nuru.

Ndiyo sababu volkeno hizi hukaa kwenye mstari: zimesimama juu ya ile kilomita mia. Bamba likishuka kwa mshazari mkali mstari unakuwa karibu na bahari, likishuka taratibu unasogea bara. Kerinci, wenye mita 3,805, ni mmoja kwenye mstari wa Sumatra. Mwamba unaomwagwa na volkeno za namna hii huitwa andesiti, na jina lenyewe limetokana na Andes. Ila mwingi wa mwamba ulioyeyuka haufiki nje. Unaganda njiani, kilomita kadhaa chini, ukawa graniti na jamaa zake, na kulinenepesha ganda la bara kutoka ndani. Pwani ya Peru mito imekwisha kuyafunua majabali makubwa ya namna hiyo.

Mzizi

Chukua beseni la maji na vipande viwili vya mbao ya aina moja, kimoja unene sentimita 2, kingine 8. Viweke majini vielee. Kinene kitatokeza juu zaidi, na kitazama chini zaidi. Ganda la bara linaelea juu ya mwamba wa moto namna hii. Huwezi kuwa na mlima mrefu bila mzizi mrefu. Chini ya uwanda wa Altiplano, ambao umekaa juu ya mita 3,600 na una ziwa Titicaca kwenye mita 3,812, ganda lina unene wa kilomita 70 hivi, mara mbili ya kawaida.

Unene huo ulitoka wapi? Kiasi ni mwamba ulioganda ndani, lakini sehemu kubwa imetokana na bara lenyewe kukunjwa na kubanwa kati ya bamba la Nazca na uzito wa Amerika Kusini inayosogea magharibi. Lilikuwa pana, likafinywa, likanenepa. Nalo likinenepa, linaelea juu zaidi. Hilo ndilo jibu lililomtosha binti yangu. Alichukua randa akakipunguza kile kipande kinene kwa juu, akakirudisha majini, kikapanda kutoka chini kufidia. Hakuniuliza tena kuhusu kijiko na kabari.

Hapa pia mweleze juu ya bamba linalolala. Kati ya Chile na Argentina, pale palipo na Aconcagua wenye mita 6,961, bamba la Nazca halishuki moja kwa moja. Likifika kilomita mia linalala, linatambaa chini ya bara kwa umbali mrefu kabla ya kushuka tena. Mwamba wa moto uliokuwa kati yao unasukumwa nje, kwa hiyo volkeno za sehemu ile zimezimika, na mbano unapelekwa mbali ndani ya bara na kuinua safu nyingine kule. Wanajiolojia wengi hueleza kwa njia hiyo Milima ya Rocky ya Marekani, iliyo mbali sana na bahari: bamba la kale la Farallon lilitambaa chini kwa chini. Sijapata njia nzuri ya kuonyesha hili kwa kasha. Natumia kipande cha bati na viganja vyangu.

Kukwama na kuchomoka

Ukiwa umeweka msasa, utahisi mkononi kwamba mzunguko haupiti laini. Unakaza, unakaza, halafu unaruka. Mpe kila mtoto ashike ule mkono, maana hili halionekani kwa kioo.

Bamba halitelezi siku zote. Linashikana na bara, linaukunja ukingo wake na kuuvuta chini miaka mia au zaidi, kisha linaachia. Chile, tarehe 22 Mei 1960, liliachia kwa ukubwa wa 9.5, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Pwani hiyo hiyo, Februari 1835, mwanasayansi Charles Darwin alikuwapo. Nahodha wake FitzRoy alikuta kwenye kisiwa cha Santa María kome wanaooza wakiwa bado wameshikilia miamba, mita 3 hivi juu ya mahali bahari ilipofika. Kome hawapandi mwamba kwenda kufa. Nchi ndiyo iliyopanda, kwa siku moja. Sehemu ya kupanda huko hurudi chini baadaye, lakini si yote, na hesabu ya kidogo kidogo kwa miaka mamilioni unaijua.

Sisi tulipata salamu za kazi hiyo. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, kama dakika moja kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, bamba lililokwama chini ya Sumatra liliachia kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi. Tulikuwa tumelala. Wimbi lilikata kilomita 6,000 za bahari kwa mwendo wa kukaribiana na ndege. Mchana nilikuwa gatini nikisubiri mbao kutoka bara. Maji yakapwa wakati si wake, yakarudi kwa nguvu, yakapwa tena, na mashua zikazunguka kwenye kamba zake kama zisizo na mwenyewe. Mzee mmoja aliyeijua bahari maisha yake yote alisimama akasema, "Haya si maji ya mwezi." Redio ikatangaza watu watoke ufuoni. Kwetu madhara yalikuwa machache. Ng'ambo walikufa zaidi ya watu 220,000, na kila ninapozungusha kasha hili nawakumbuka.

Kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Simeulue, karibu na palipoanzia, matumbawe hai yaliinuliwa nje ya maji kwa mita moja na nusu hivi, yakafa juani. Binti yangu aliponiuliza mlima unaanzaje, nilimwonyesha hayo kwanza.

Bahari ikiisha

Mvuto wa mwisho. Juu ya turubai, upande wa kulia, gundisha kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4, halafu panga mchanga mbele yake. Zungusha mpaka kipande kilifikie bara. Hakitapita kwenye mwanya. Kila kilicho kati yao kitafinywa na kupanda.

Kipande hicho ni India. Mbele yake palikuwa na bahari inayoitwa Tethys, na sakafu yake ilizama yote chini ya Asia mpaka ikaisha, kisha India ikagonga miaka milioni 50 hivi iliyopita, nayo ingali inasukuma. Kilele cha Everest, mita 8,849 juu, ni mawe chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Mara nyingine sakafu ya bahari hukataa kuzama na hupandishwa juu ya nchi. Wenye jamaa Oman wakienda kuwatembelea wayatazame majabali meusi ya milima ya Hajar, maana mengi yake ni ganda la bahari, basalti na hata mwamba wa chini yake, lililolazwa juu ya Arabia.

Ukimaliza, nyunyizia mchanga maji kwa chupa ya kupulizia, polepole, mpaka ushikane. Chomoa kioo, ukate kabari kwa kisu kirefu katikati. Mikato ya ndani huwa safi kuliko ile iliyogusa kioo, na watoto hupenda kuhesabu vipande.

Halafu kausha mchanga, upange tena matabaka matano, na usizungushe. Kila siku nyunyiza gao moja la mchanga upande wa bara, uuache. Hiyo ndiyo pwani yetu kutoka Malindi hadi Kiunga. Madagaska ilijitenga na ukingo huu zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, ikasogea kusini, na tangu hapo bara na sakafu ya bahari hapa vimeshikamana kwenye bamba moja, hakuna kinachozama chini ya kingine. Tana inaleta tope lake, Sabaki inaleta lake, yanalala. Zile karatasi za mwanajiolojia jioni zilionyesha hivyo: mistari mirefu inayoinamia baharini taratibu, nyufa hapa na pale, tabaka juu ya tabaka. Kasha langu la pwani yetu liko rafuni upande wa dirisha. Binti yangu, akija likizo, hulitilia gao lake kabla hajavua viatu.